Nathaniel Hawthorne, Mjukuu wa Mahakimu wa Salem

Wazee husema kwamba majuto ni mjukuu. Kwa kawaida twaelewa hivi: mtu hutenda leo, na majuto humjia baadaye. Lakini alikuwako mtu mmoja ambaye methali hiyo ilimpata kama ilivyo, neno kwa neno. Babu zake walitenda mabaya wala hawakujuta, na majuto yakamwangukia yeye, mjukuu wao, aliyezaliwa zaidi ya miaka 100 baadaye. Mtu huyo alikuwa Nathaniel Hawthorne, mwandishi mashuhuri wa Marekani. Aliandika hadithi za laana iufuatayo ukoo kizazi baada ya kizazi, na tena aliwasimulia watoto upya ngano za kale za Wayunani. Wengi wetu tumesikia kisa cha Mfalme Midas, ambaye kila alichokigusa kiligeuka dhahabu, lakini ni wachache wajuao kwamba sehemu ya kisa hicho inayochoma moyo zaidi ilitungwa na Hawthorne. Kwa hiyo inafaa tuyatazame maisha yake.

Hawthorne alizaliwa tarehe 4 Julai 1804 katika mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, pwani ya mashariki ya Marekani. Salem ulikuwa mji wa mabaharia. Merikebu zake zilikwenda China, Bara Hindi na Sumatra, na tangu miaka ya 1820 zilifika hata Unguja. Zilileta kitambaa kigumu cha pamba ambacho watu wa pwani yetu walikiita amerikani, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Balozi wa kwanza wa Marekani aliyekaa Unguja, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Baba yake Hawthorne naye alikuwa nahodha. Mwaka 1808 alikufa kwa homa ya manjano huko Surinam, Amerika ya Kusini, na mwanawe hajatimiza miaka minne. Mjane akarudi kwa wazazi wake pamoja na watoto wake watatu, Elizabeth, Nathaniel na Louisa, nao wakalelewa kwa msaada wa wajomba.

Alipokuwa na umri wa miaka 9 aliumia mguu akicheza mpira, na kwa muda mrefu alichechemea, hakuweza kwenda shule wala kucheza na wenzake. Watoto wengine wangalilia tu. Yeye alijilaza sakafuni na kusoma vitabu. Alisoma tamthilia za Shakespeare na mashairi ya Spenser, na zaidi ya vyote alikipenda kitabu cha John Bunyan cha safari ya Mkristo kwenda mji wa mbinguni, ambacho kimetafsiriwa pia kwa Kiswahili. Katika kitabu hicho mtu wa kawaida hutembea barabarani na kukutana na jitu liitwalo Kukata Tamaa kana kwamba anakutana na jirani yake. Kijana akajifunza mapema kwamba jambo la ajabu laweza kusimuliwa kwa maneno ya kila siku.

Lakini kilichomfanya awe mwandishi wa namna yake ni ukoo wake. Mtu wa kwanza wa ukoo huo kufika Amerika alikuwa William Hathorne, aliyetoka Uingereza mwaka 1630 pamoja na Wapuritani, watu wa dini kali waliohama kwao ili waabudu kwa njia waliyoipenda. Ajabu ni kwamba watu hao walipopata mamlaka waliwanyima wengine uhuru ule ule waliouvukia bahari. William alipokuwa hakimu aliwatesa sana Wakristo wa dhehebu la Marafiki, ambao leo ni wengi katika magharibi ya Kenya, na mwanamke mmoja wa dhehebu hilo aliamuru achapwe viboko hadharani.

Mwanawe, John Hathorne, alikuwa hakimu pia, na sifa yake ni mbaya kuliko ya baba. Mwanzoni mwa mwaka 1692, katika kijiji cha Salem, wasichana kadhaa walianza kupiga makelele na kugaagaa, wakasema wamerogwa. Hofu ikaenea kama moto wa nyikani. Jirani akamshitaki jirani, mtoto akamshitaki mamaye, mpaka watu zaidi ya 150 wakashitakiwa kwa uchawi. John Hathorne alikuwa miongoni mwa waliowahoji. Aliwauliza maswali kana kwamba hatia yao imekwisha kuthibitishwa. Mshitaki akisema ameona kivuli cha mshitakiwa kikimtesa usiku, maneno hayo yalipokewa barazani kama ushahidi, na ni nani awezaye kukana kwamba kivuli chake hakikutembea? Watu 19 walinyongwa, 14 wakiwa wanawake na watano wanaume. Mzee mmoja, Giles Corey, alikataa kujibu mashitaka, akawekewa mawe mazito kifuani mpaka akafa. Wengine walifia gerezani.

Hofu ilipopoa, wengine waliona makosa yao. Mwaka 1697 hakimu mmoja wa baraza lile, Samuel Sewall, alisimama kanisani mbele ya watu wote huku ungamo lake likisomwa, akakubali lawama. John Hathorne hakufanya hivyo. Alikufa mwaka 1717 bila kusema kwamba alikosa. Masimulizi ya Salem yalieleza kwamba mwanamke mmoja, Sarah Good, aliposimama penye mti wa kunyongea, alimwapiza kasisi aliyekuwa akimtaka aungame, akamwambia kwamba akimwua bure Mungu atampa damu anywe. Katika ukoo wa Hathorne nao ilisimuliwa kwamba laana kama hiyo ilimwangukia hakimu na wazao wake. Na kweli, ukoo uliokuwa na mahakimu na makanali ukashuka polepole. Ardhi ikapotea, vyeo vikapotea, watoto wakafia mbali baharini.

Huyo John Hathorne alikuwa babu wa babu yake Nathaniel. Wasomaji wa huku hawana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hili. Katika nchi zetu watu wanajua maana ya radhi ya wazazi, na wazee wengi hawafanyi mzaha na laana. Kijana Nathaniel alipozisoma habari za mji wake, alikuta jina la ukoo wake limeandikwa katika kumbukumbu za mauaji. Alipokuwa kijana aliongeza herufi moja katika jina lake, akawa Hawthorne badala ya Hathorne. Watu wengi wamefikiri kwamba alitaka kujitenga kidogo na wale mahakimu. Lakini jina hubadilishwa kwa kalamu, na damu haibadilishwi hivyo, kama alivyokuja kuona.

Mwaka 1821 aliingia chuo cha Bowdoin katika jimbo la Maine, akamaliza mwaka 1825. Hakuwa mwanafunzi wa kwanza darasani, na mara kwa mara alitozwa faini kwa kuvunja kanuni ndogo ndogo za chuo. Hata hivyo alipata huko kitu chenye thamani kubwa, yaani marafiki. Mmoja alikuwa Henry Wadsworth Longfellow, aliyekuja kuwa mshairi mkuu. Wa pili alikuwa Franklin Pierce, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Wa tatu alikuwa Horatio Bridge, ambaye habari zake tutazisoma mbele.

Baada ya masomo alirudi Salem katika nyumba ya mama yake, akajifungia katika chumba cha juu, akaandika kwa muda wa miaka 12. Mwaka 1828 alitoa hadithi ndefu kwa fedha zake mwenyewe, bila kutia jina lake. Baadaye akaona haifai, akazitafuta nakala zake na kuziteketeza. Hadithi fupi zilizofuata zilikuwa bora zaidi, lakini nazo zilitoka katika majarida bila jina, na malipo yalikuwa haba.

Moja ya hadithi hizo, iliyotolewa mwaka 1835, yahusu kijana wa Salem aitwaye Brown. Jioni moja anamwacha mkewe mlangoni na kuingia msituni, na njiani anakutana na msafiri aliyefanana sana na babu yake. Kumbe ni Ibilisi. Brown anajitetea kwamba ukoo wake ni wa watu wema, naye Ibilisi anamjibu kwa utulivu kwamba anaujua vizuri ukoo huo, maana alikuwako kumsaidia babu yake alipomchapa viboko yule mwanamke wa Marafiki. Msomaji aliyekwisha kujua habari za William Hathorne ataona kwamba mwandishi aliichukua aibu ya nyumbani kwake akaitia hadithini. Mwisho wa hadithi hatuambiwi kama Brown aliyaona mambo yale kweli au aliota. Tunaloambiwa ni kwamba tangu usiku ule hakumwamini mtu tena, akaishi kwa huzuni mpaka kufa.

Mwaka 1837 hadithi zake zilikusanywa katika kitabu, na safari hii jina la Nathaniel Hawthorne likaonekana juu yake. Mwandishi alifurahi kwamba mpiga chapa amemwamini. Hakujua kwamba rafiki yake Horatio Bridge alikuwa amekwenda kwa mpiga chapa kwa siri, akaahidi kulipa hasara yote kama kitabu kisingenunuliwa. Bridge hakutaka kushukuriwa. Longfellow naye aliandika maneno ya kukisifu kitabu hicho katika jarida kubwa. Hivyo ndivyo mtu aliyejificha miaka 12 alivyotolewa chumbani na marafiki wa shule.

Tarehe 9 Julai 1842 alimwoa Sophia Peabody, msichana wa Salem aliyekuwa fundi wa kuchora picha. Walijaliwa watoto watatu, Una, Julian na Rose. Kwa kuwa hadithi hazikuweza kulisha nyumba, Hawthorne alitafuta kazi ya serikali, na mwaka 1846 akapewa kazi katika forodha ya Salem, bandari ile ile iliyokuwa ikipokea mizigo kutoka Unguja. Lakini mwaka 1849 chama kingine kilishika serikali, naye akafukuzwa kazi. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mama yake akafa. Fedha zikapungua nyumbani. Marafiki wakamchangia, naye akazipokea kwa machungu, akiona ni aibu kwa mwanamume mzima. Miaka michache baadaye, alipopata, alilipa deni hilo.

Katika dhiki hiyo aliandika kitabu kilichompa sifa duniani, The Scarlet Letter, yaani Herufi Nyekundu, kilichotoka mwaka 1850. Ni habari za Hester Prynne, mwanamke wa zamani za Wapuritani, aliyezaa mtoto nje ya ndoa, akahukumiwa kuvaa herufi nyekundu kifuani siku zote. Baba wa mtoto ni kasisi wa mji, aheshimiwaye na wote, naye anaificha hatia yake mpaka inamla kwa ndani. Mwanamke aliyevaa aibu yake wazi akaishi na kupata nguvu, na mwanamume aliyeificha akafa. Mwanzoni mwa kitabu hicho Hawthorne aliwataja babu zake wale wawili. Alisema kwamba yeye, akiwa mwakilishi wao, anajitwika aibu yao, na aliomba laana yoyote waliyoipata iondolewe. Maneno ambayo John Hathorne alikataa kuyasema mbele ya watu, mjukuu wake aliyachapisha ili nchi nzima iyasome.

Mwaka uliofuata, 1851, akiwa na jamaa yake katika nyumba ndogo nyekundu huko Lenox, alitoa kitabu kingine kiitwacho The House of the Seven Gables. Jina lake lina maana ya nyumba yenye mapaa saba yaliyochongoka. Kisa chake ni hiki. Kanali Pyncheon, mtu tajiri, anaitamani ardhi ya maskini mmoja aitwaye Matthew Maule. Zinapokuja siku za kusaka wachawi, Kanali anasaidia Maule ashitakiwe, na maskini ananyongwa. Akiwa chini ya kitanzi, Maule anasema Mungu atampa adui yake damu anywe. Kanali hajali. Anajenga nyumba kubwa juu ya ardhi ile, na maji ya kisima yaliyokuwa matamu yanaharibika. Siku ya karamu ya kuifungua nyumba, wageni wanamkuta Kanali ameketi kitini, amekufa, na damu imetapakaa ndevuni.

Hadithi yenyewe inatokea vizazi vingi baadaye. Nyumba imechakaa. Bibi kizee mmoja wa ukoo ule, Hepzibah, amefilisika hata inambidi kufungua duka dogo na kuuza vitu vya senti senti, jambo linalomtia aibu kubwa. Kaka yake, Clifford, amefungwa miaka 30 kwa kosa ambalo hakulitenda, na aliyemponza ni ndugu yao Jaji Pyncheon, mtu mwenye tabasamu usoni na jiwe moyoni, aliyefanana mno na picha ya Kanali iliyotundikwa ukutani. Katika nyumba hiyo amepanga mpiga picha kijana, Holgrave, na kumbe ni wa uzao wa Maule. Naye anakuja binti mwema kutoka shamba, Phoebe, wa uzao wa Pyncheon.

Ukoo wa Maule ulisemekana kuwa na nguvu ya kuitawala roho ya mtu. Zamani mmoja wao aliitumia nguvu hiyo kumlipiza kisasi binti wa Pyncheon, na binti akafa. Siku moja Holgrave anamsomea Phoebe habari hizo bustanini, na msichana anaanza kusinzia mbele yake. Kijana anaona kwamba akinyosha mkono tu, roho ya binti huyu itakuwa mikononi mwake, kama ya yule wa zamani. Anajizuia. Anamwamsha. Hapo ndipo laana inapokatika, ijapokuwa hakuna radi iliyopiga. Jaji anakufa katika kiti kile kile cha babu yake, na vijana wale wawili wanachumbiana.

Angalieni jinsi mwandishi anavyoliendesha jambo hili. Hasemi kwamba laana ya Maule ni kweli, wala hasemi kwamba ni uwongo. Yuko anayeweza kueleza kwamba ukoo wa Pyncheon ulikuwa na ugonjwa wa kurithi unaoua ghafula kwa kutoa damu. Lakini hata tukieleza hivyo, bado twaona kwamba Jaji aliurithi pia uchoyo wa Kanali, na uchoyo huo ndio uliomfunga Clifford. Mafundisho ya Hawthorne ni kwamba uovu wa kizazi kimoja huendelea kuishi katika vizazi vinavyofuata, na mali iliyopatikana kwa dhuluma huwa mzigo kwa anayeirithi. Namna hii ya kuchanganya mambo ya kawaida na ya ajabu ilikuja kupata sifa kubwa katika karne ya 20 kwa waandishi wa Amerika ya Kusini, kama Gabriel García Márquez wa Colombia, aliyetoa mwaka 1967 kitabu cha ukoo mmoja uliofuatwa na msiba kizazi hata kizazi. Hawthorne alikuwa amekwisha kuipita njia hiyo zaidi ya miaka 100 kabla yake. Nyumba ya Salem inayohusishwa na hadithi hii ilijengwa mwaka 1668 na ilikuwa ya jamaa wa mwandishi. Tangu mwaka 1910 imekuwa nyumba ya makumbusho.

Mwaka huo huo wa 1851 Hawthorne aliandika kitabu cha watoto, A Wonder-Book, chenye hadithi sita za Wayunani, na mwaka 1853 akatoa kingine cha jinsi hiyo. Hakuziheshimu ngano hizo kama sanamu zisizoguswa. Aliona kwamba hadithi ya kale ni mali ya kila kizazi, na kila kizazi kina haki ya kuivika nguo zake. Alimweka mwanafunzi mmoja kijana awasimulie wadogo zake, kama vile bibi zetu wanavyosimulia jioni penye moto, na watoto wakaachiwa kucheka na kuuliza.

Tuchukue kisa cha Midas. Katika masimulizi ya kale mfalme huyu anaomba kila akigusacho kiwe dhahabu, na chakula chake kinapogeuka dhahabu anaona njaa na kujuta. Hawthorne alifikiri kwamba njaa haitoshi. Alimpa mfalme binti mdogo, Marygold. Mtoto anamwona baba yake ana huzuni, anamkimbilia amfariji, baba anambusu, na hapo hapo mtoto anakuwa sanamu ya dhahabu na machozi yangali shavuni. Hivyo tamaa ya mzazi ikamwangukia mtoto asiye na kosa. Mfalme anafundishwa aoge mtoni na kummwagia binti yake maji ya mto huo, naye anarudi kuwa hai. Hata Midas anapokuwa mzee, anawapakata wajukuu zake na kuwaonyesha kwamba nywele zao zina rangi ya dhahabu waliyoirithi kwa mama yao. Dhahabu pekee ambayo mzee huyu angali anapenda kuitazama ni hiyo ya nywele za wajukuu.

Sasa hatuna budi kutaja upande mwingine, maana maisha ya mtu mashuhuri yakisimuliwa kwa sifa tupu hayafundishi. Mwaka 1852 rafiki yake Franklin Pierce aligombea urais, na Hawthorne akamwandikia kitabu cha kumsifu. Wakati huo mamilioni ya watu weusi walikuwa watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Katika kitabu hicho Hawthorne aliandika kwamba utumwa ni uovu ambao wanadamu hawawezi kuuondoa kwa mipango yao, na kwamba Mungu mwenyewe kwa wakati wake ataufanya utoweke kama ndoto. Pierce alishinda. Hawthorne akapewa ubalozi katika bandari ya Liverpool, Uingereza, kazi yenye mapato mazuri aliyoifanya tangu mwaka 1853 mpaka 1857. Rais Pierce aliwasaidia wenye watumwa, na mwaka 1854 alitia sahihi sheria iliyofungua nchi mpya kwa utumwa kama wakazi wake wangetaka.

Hapa ndipo penye fundisho gumu. Mtu huyu aliyeona wazi damu mikononi mwa babu zake hakuona vema dhuluma ya siku zake mwenyewe, iliyokuwa ikitendeka mchana mbele ya macho yake. Nyani haoni kundule. Angeisikiliza hadithi yake mwenyewe ya nyumba ya mapaa saba, angejua kwamba dhuluma haitoweki kama ndoto. Utumwa wa Marekani ulikwisha mwaka 1865, baada ya vita vya miaka minne vilivyoua watu zaidi ya 600,000, na uchungu wake ulirithiwa na vizazi vilivyofuata.

Hawthorne hakuuona mwisho huo. Baada ya Uingereza alikaa Italia, akaanza huko kuandika hadithi yake ya mwisho iliyokamilika, iliyotolewa mwaka 1860, kisha akarudi nyumbani kwake Concord katika Massachusetts. Afya yake ilipungua. Alijaribu kuandika hadithi za dawa ya kuishi milele na za alama ya mguu wa damu isiyofutika kizingitini, lakini hakuweza kuzimaliza. Mwaka 1863 wachapishaji walimwonya asiweke jina la Pierce mbele ya kitabu chake, kwa kuwa Pierce alichukiwa na wengi wakati wa vita. Alikataa kumkana rafiki. Mwezi wa Mei 1864 wawili hao walifunga safari pamoja ili mgonjwa apate hewa nzuri. Usiku wa kuamkia tarehe 19, katika hoteli ya mji wa Plymouth, New Hampshire, Pierce aliamka akaenda kumtazama mwenzake, akamkuta amekwisha kufa usingizini. Alizikwa Concord, na Longfellow alikuwa kati ya waliomsindikiza.

Je, laana ya Salem ilikwisha? Mwaka 1711 serikali ya Massachusetts iliwalipa fidia jamaa wengi wa waliohukumiwa, lakini baadhi ya majina hayakusafishwa. La mwisho lilikuwa la Elizabeth Johnson, mwanamke aliyehukumiwa kufa mwaka 1693 na kuponea chupuchupu. Hakuacha mtoto wala mjukuu wa kumtetea, jina lake likasahauliwa. Basi wanafunzi wa shule moja ya Massachusetts, wenye umri wa miaka 13 na 14, pamoja na mwalimu wao, walizichunguza kumbukumbu za kesi yake, wakawaandikia wabunge, wala hawakuchoka. Mwaka 2022 bunge la jimbo lilimwondolea hatia, karibu miaka 330 baada ya hukumu.

Wanafunzi hao hawakuwa na damu ya Hathorne, wala hawakuwa na damu ya Elizabeth Johnson. Walikuwa watoto wa shule waliosoma historia, wakaona jambo baya, wakauliza ni nani atakayelitengeneza. Hawthorne alitumia maisha yake kuuliza jinsi mjukuu anavyoweza kuutua mzigo aliotwikwa na babu yake. Jibu lake lilikuwa kwamba kwanza aseme kweli juu ya babu huyo, bila kumficha, kisha ajizuie pale ambapo babu hakujizuia. Kwa upande wa pili alituachia kazi ambayo yeye mwenyewe ilimshinda, yaani kuitazama dhuluma ya siku zetu kabla haijawa urithi wa wajukuu. Vitabu vyake vingalipo, na mwanafunzi asomaye Kiingereza vizuri aweza kuanza na zile hadithi sita za Wayunani, kisha apande polepole mpaka nyumba ya mapaa saba.